Mwenye Kalamu ya Mipaka Ndiye Mpiga Kura

Tarehe 23 Septemba, 2025, wananchi wa jimbo la saba la uchaguzi huko Arizona, kandokando ya mpaka wa Marekani na Mexico, walimchagua Bibi Adelita Grijalva awe mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi. Ushindi wake haukuwa na ubishi. Hata hivyo Spika wa Baraza hilo, Bwana Mike Johnson, hakumwapisha mpaka tarehe 12 Novemba. Kwa siku 50 watu wapatao 800,000, wengi wao wa asili ya Kihispania, hawakuwa na mjumbe mwenye kura. Walielezwa kwamba Baraza lilikuwa mapumzikoni. Lakini Aprili ya mwaka huo huo wajumbe wawili wa Florida, wa chama cha Spika mwenyewe, waliapishwa siku moja tu baada ya kuchaguliwa, na Baraza halikuwa katika shughuli zake za kawaida siku hiyo pia. Tena ilijulikana wazi kwamba sahihi ya Bibi Grijalva ndiyo iliyokuwa ikingojewa kutimiza sahihi 218 za kulazimisha kura juu ya nyaraka za tajiri Jeffrey Epstein.

Wapo watakaoliita jambo hili ajali ya ratiba. Basi ni ajali yenye macho, maana inajua wa kumkwepa na wa kumwangukia. Miezi mitatu kabla ya uchaguzi huo, tarehe 12 Juni, Alex Padilla, Mlatino wa kwanza kuiwakilisha California katika Baraza la Seneti, alisukumwa nje ya mkutano wa waandishi wa habari mjini Los Angeles, akalazwa sakafuni na kutiwa pingu. Kosa lake lilikuwa kutaka kumwuliza swali Waziri wa Usalama wa Ndani juu ya misako ya wahamiaji. Ikiwa mjumbe wa Seneti hutiwa pingu kwa kuuliza swali, mchuma zabibu asiye na karatasi atarajie nini?

Wabunge wa Kilatino wanaodai haki za watu wao husemwa mara kwa mara kuwa ni wageni wanaodai kiti katika nyumba isiyo yao. Huo ni uongo wa kihistoria. Kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848, uliotiwa sahihi baada ya vita vya uvamizi, Mexico ilinyang'anywa California na nchi nyingine nyingi. Ukijumlisha na Texas, karibu nusu ya ardhi yake ilikwenda. Watu waliokuwa wakiishi humo hawakuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliohama. Waliahidiwa uraia na haki, lakini huko Texas kodi ya kupigia kura ilidumu hadi mwaka 1966. Puerto Rico nayo ilitekwa mwaka 1898. Watu wake zaidi ya milioni 3 ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, na vijana wao wamekufa katika vita vya nchi hiyo, lakini wakaao kisiwani hawamchagui Rais, na mjumbe wao mmoja katika Baraza la Wawakilishi hana kura miswada inapopitishwa. Neno la jambo hili ni ukoloni, hata kama wenye nalo wanalitafutia jina jingine.

Kwa muda mrefu dola hiyo haikutaka hata kuwahesabu watu hawa sawasawa, kwa sababu asiyehesabiwa hadai. Edward Roybal wa Los Angeles alilielewa hilo mapema. Mwaka 1976 alifanikisha sheria ya kuzitaka idara za serikali zikusanye takwimu za Wamarekani wa asili ya Kihispania, na sensa ya mwaka 1980 ikawa ya kwanza kumwuliza kila mtu kama ana asili hiyo. Desemba ya mwaka huo huo wa 1976 yeye na wenzake wanne, Henry B. González na Kika de la Garza wa Texas, Herman Badillo wa New York na Baltasar Corrada del Río wa Puerto Rico, waliunda umoja wao bungeni. Watano tu! Mwaka mmoja kabla yake Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilikuwa imepanuliwa, ili penye wapiga kura wengi wasiojua Kiingereza vyema karatasi za kura zichapishwe kwa lugha yao pia.

Waliposhindwa kuzuia kuhesabiwa, wakubwa walijaribu kutisha wanaohesabiwa. Serikali ya Trump ilitaka kuingiza swali la uraia katika sensa ya 2020. Mahakama ya Juu ikalizuia mwaka 2019, ikiona kuwa sababu iliyotolewa haikuwa ya kweli. Sensa hiyo ilikuta Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja kati ya kila watano. Katika Bunge hawafiki hata mmoja kati ya wanane.

Pengo hilo linatoka wapi? Linatoka kwenye kalamu. Katika Kaunti ya Los Angeles, yenye watu zaidi ya milioni 8 wakati huo, mahakama iligundua mwaka 1990 kwamba mipaka ya majimbo matano ya uchaguzi ilikuwa imechorwa kwa makusudi ili kura za Walatino zitawanywe. Ilipochorwa upya, Gloria Molina alichaguliwa mwaka 1991, Mlatino wa kwanza katika baraza hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Huko Texas, kati ya sensa ya 2010 na ya 2020 watu waliongezeka kwa karibu milioni 4, na nusu ya ongezeko hilo ni Walatino. Kwa wingi huo Texas ikapewa viti viwili vipya. Ramani ya mwaka 2021 haikuwapa Walatino wingi katika kiti hata kimoja cha hivyo viwili! Agosti 2025, kwa shinikizo la Trump, ramani ikachorwa tena bila kungoja sensa, ili chama chake kivune viti vitano zaidi. Wabunge wa upinzani, wengi wao weusi na Walatino, walilazimika kulihama jimbo lao ili kikao kikose akidi. California ikajibu Novemba kwa kuchora ramani ya kukipendelea chama cha pili. Ndiyo demokrasia ambayo mawakala wake huzunguka duniani wakigawa maksi kwa mataifa mengine.

Wako wanaodai kwamba kutaka uwakilishi wa namna hii ni kuendekeza ukabila. Aliyeanza kuwagawa watu kwa asili yao ni yule aliyewanyima kura kwa asili yao. Anayedai kurudishiwa kura hiyo hajaanzisha ubaguzi wowote. González mwenyewe hakupenda siasa za asili, na aligombana vikali na vijana wa Kichikano wa jimbo lake. Lakini mwaka 1957, akiwa katika Seneti ya Texas, alisimama akahutubia saa 22 mfululizo kupinga miswada ya kuwatenga watoto weusi mashuleni. Mtu wa San Antonio, mtoto wa wakimbizi kutoka Mexico, aliifanya haki ya weusi kuwa yake.

Hata hivyo jina la Kihispania halimfanyi mtu kuwa mtetezi wa wanyonge. Mwaka 1997 wajumbe wawili wa Florida walijitoa katika umoja wa wabunge wa Kilatino kwa sababu mwenyekiti wake, Xavier Becerra, alikuwa amezuru Kuba. Kwao safari ya Havana ilikuwa dhambi isiyosameheka. Vibaraka wa namna hiyo hupewa viti bila kucheleweshwa.

Kipimo chao wote kiko mashambani. Sheria ya mwaka 1935 iliyowapa wafanyakazi wa Marekani haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri iliwaacha nje vibarua wa mashamba, na ile ya 1938 ya malipo ya saa za ziada ikawaacha pia. Kuanzia 1942 hadi 1964 mabepari wa mashamba waliletewa vibarua wa mkataba kutoka Mexico, rahisi na wasio na sauti, na González alikuwa miongoni mwa waliopigania mpango huo ukomeshwe. Sheria zile mbili bado zinawaacha nje. Mwaka 2018 Raúl Grijalva wa Arizona alipeleka bungeni muswada wa kuwapa vibarua wa mashamba malipo ya saa za ziada. Akaurudisha mwaka 2021, na tena 2023, Padilla akiupeleka katika Seneti. Haukupitishwa. Grijalva alifariki Machi 2025 akiwa bado mjumbe, na kiti alichokiacha ndicho ambacho binti yake alisubirishwa siku 50 kukikalia.