Ndugu zangu wa Kisangani, tuingie na kutazama

Mgeni akikuuliza leo akaone nini hapa mjini, unamjibu nini? Najua: wavuvi Wagenia na mitego yao kwenye maporomoko. Jibu zuri, silikatai. Lakini wewe mwenyewe, umewahi kuingia kanisa la misheni ya Saint-Gabriel siku isiyo na misa, wala harusi, wala msiba, ukatazama tu?

Padri Gabriel Grison alifika mwaka 1897, mji wetu ukiitwa bado Stanley Falls, akaanzisha misheni hiyo siku ya Noeli. Sawa, jina lake tunalo. Je, waliobeba udongo na kupasua mbao walikuwa akina nani? Huenda mmoja wao ni babu wa mama yako. Umeshamuuliza mama?

Tazama wenzetu wanavyoyatunza ya kwao: kule Lalibela, Ethiopia, kuna makanisa 11 ya Waortodoksi yaliyochongwa ndani ya mwamba, na hadi leo watu wanasali humo. Msafiri anavua viatu mlangoni, anapunguza sauti, anamngoja padri. Watu hutoka mbali kwa miguu, wamevaa nguo nyeupe, kuja kusherehekea Noeli yao tarehe 7 Januari. Wageni wa ng'ambo wanawakuta wenyeji wameshajaa! Hilo ndilo ninalolionea wivu, kuliko hata ule mwamba.

Na Waortodoksi si watu wa mbali nasi. Wafanyabiashara Wagiriki, Waortodoksi wa kanisa lao wenyewe, waliishi hapa tangu zamani mji wetu ulipoitwa Stanleyville. Wazee wetu walinunua chumvi na vitambaa kwenye maduka yao.

Basi tufanye nini? Wewe kijana wa toleka, baiskeli ya abiria, unayepeleka watu Kanisa Kuu la Notre-Dame du Rosaire kila siku: jifunze habari moja tu ya kumsimulia abiria njiani. Mwalimu, wapeleke watoto huko asubuhi moja, wachore wanachokiona. Mama unayeuza kando ya njia, mgeni akipotea, mwonyeshe mlango wa sakristia ulipo.

Nyumbani je? Ile picha ya komunyo ya bibi iliyo sandukuni, andika nyuma jina la kanisa na mwaka. Wanaokumbuka 1964, mapadri na masista walipouawa katika majimbo yetu na Sista Anuarite akafia Isiro, wamebaki wachache. Kaa nao jioni moja, lakini usiwaharakishe. Wengine hawajalizungumza jambo hilo hata kwa watoto wao.

Ukiingia kanisani kutazama, bisha hodi kwa padri au katekista. Anayesali usimpige picha. Ukutani usiandike jina lako, hata kwa kalamu ndogo. Ukiona bati linavuja, mwambie mlinzi. Huenda hajaliona.

Ndugu zetu Waprotestanti nao wana Yakusu, kilomita kama 20 tukishuka mto, misheni ya Wabatisti yenye hospitali yake ya tangu zamani. Mkatoliki akienda kuitazama, atapungukiwa nini?

Mimi Jumamosi ijayo nitapanda pirogi kwenda huko, mto ukiwa mtulivu. Nafasi zipo. Njoo na mtoto mmoja, maji ya kunywa, na kofia, maana jua la pale katikati ya mto halina huruma.