Tembo wa Lushoto

Lushoto hakuna tembo. Kuna ukungu, kabichi na mapea kwenye miteremko, na vinyonga wenye pembe ambao wageni husafiri mbali kuja kuwaona. Lakini pita kwenye vibanda vinavyouza picha: tembo, twiga, Mmasai mwembamba na mkuki, Kilimanjaro nyuma yake. Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini anachora hivyo. "Ndiyo sanaa yetu ya asili, kaka."

Asili ipi? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972. Bibi wa kijana huyu huenda ni mkubwa kuliko hiyo asili.

Hapo ndipo ninapogombana na wasanii wenzangu wanaodai historia ya sanaa inaua kipaji. Hoja yao haibadiliki: mbona Tingatinga hakusomea? Kweli, hakusomea. Basi angalau tuzitazame picha zake. Mara nyingi ni mnyama mmoja tu, na nyuma yake rangi moja. Ule msongamano wa wanyama na maua tunaouita mtindo wake ulikuja baadaye, soko lilipopanuka. Anayekataa kujua haya hajawa huru. Ananakili nakala ya nakala, na anaamini kimetoka moyoni.

Wengine husema tembo ndiye anayelipa. Njaa ni hoja, siidharau. Ila vibanda vitano vikiwa na tembo yuleyule, mgeni anachagua wa bei ya chini.

Kinachoniuma ni kwamba milima hii ina vyake. Wanawake wa Kisambaa hufinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu. Zamani zilifinyangwa pia sanamu ndogo za udongo za kuwafundishia vijana kwenye jando na unyago, na sanamu ilikuwa na wimbo wake na fundisho lake. Hans Cory alizieleza katika kitabu alichochapisha 1956. Maumbo machache, hakuna pambo la bure: mchoraji angejifunza mengi humo kabla hajashika brashi.

Nilimwonyesha yule kijana picha zake kwenye simu. Akazikuza, akazirudia, akakaa kimya. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, mbona miaka yote ya shule hakuna aliyemwonyesha. Sikuwa na jibu. Mgeni akasimama kibandani, akaulizia bei ya twiga.