Kelele Si Nguvu

Kwetu Elburgon, mtu akitaka kujua kama pawaso yake imetengenezwa vizuri, anaiwasha na kusikiza. Ikipiga kelele hadi mbwa wa jirani atoroke, analipa. Ikilia kawaida, ananung'unika ati fundi hajafanya kitu. Nimemwona mteja akitoa elfu tatu ili eksozi ya msumeno wake itobolewe tundu la pili, akaondoka akicheka. Cheni yake ilikuwa butu kama kijiko.

Nasema hivi, na niko tayari kukosana na mafundi wa Elburgon hadi Molo: fundi asiyepima anauza kelele. Na sisi vijana tunaosifu jua kali mtandaoni bila kuuliza swali hata moja, ndio tunamsaidia kuiuza.

Mimi si injinia. Niliacha uhandisi wa mitambo mwaka wa pili, karo iliposhinda familia. Karakana ya chuo ilikuwa na dainamomita, mashine ya kupimia nguvu ya injini. Nilipita kando yake mihula minne na sikuwahi kuisikia ikinguruma. Ilikaa chini ya turubai kama maiti. Nilirudi nyumbani, nikaanza kumsaidia mjomba kwenye kibanda chake, nikiamini kupima nguvu ni mambo ya watu wenye turubai.

Uongo mtupu. Mfaransa Gaspard de Prony alibuni breki ya kupimia nguvu mwaka wa 1821. Unabana gurudumu linalozunguka, unafungia mkono kwenye kibano, mkono unavuta mizani. Basi. Sisi tulitoa cheni na baa, tukabana ngoma ya klachi kwa vipande viwili vya mbao ngumu, tukaweka mkono wa chuma wa sentimita 30 na mizani ya kuning'iniza ya watu wa skrapu. Mizani ikasoma kilo 1.2, yaani karibu nyutoni 11.8. Zidisha kwa mita 0.3, unapata nyutonimita 3.5. Zidisha kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, gawa kwa 9,549: kilowati 3.3, karibu nguvu-farasi 4.4. Tulipima sekunde chache tu kila mara, maana mbao zilianza kutoa moshi, na hakuna aliyesimama mbele ya ule mkono. Si mchezo wa kufanyia sebuleni.

Mizunguko tuliijuaje? Simu. Injini ya mipigo miwili yenye silinda moja hulipuka mara moja kila mzunguko. Programu ya kupima sauti ikionyesha hezi 150, zidisha kwa 60: 9,000. Kumbe sauti ina ukweli, ila tulikuwa tunasikiza sehemu isiyofaa. Ukubwa wake haukuambii kitu. Wembamba wake ndio wenye habari.

Kisha tukafanya jaribio ambalo hata mtoto wa darasa la sita angelifanya. Gogo moja la mkaratusi, mkataji mmoja, saa ya simu, mikato mitatu kwa kila hali. Cheni butu na eksozi ya kawaida: wastani wa sekunde 31. Cheni ileile butu, eksozi iliyotobolewa na kabureta iliyorekebishwa: 28. Tukarudisha eksozi ya zamani na kabureta ilivyokuwa, tukanoa cheni vizuri kwa tupa: 17.

Soma tena. Tupa ya mia tatu ilishinda eksozi ya elfu tatu, tena mbali sana.

Sikatai kwamba eksozi ilisaidia. Sekunde tatu ni sekunde tatu. Lakini ukiifungua bila kugusa kabureta, hewa inazidi petroli, injini inachemka, na siku moja pistoni inashika ndani ya silinda. Mteja anarudi na injini iliyonoki, fundi anasema ni petroli mbaya. Nani atabishana, na hakuna aliyeandika chochote?

Kuna kosa baya zaidi. Mbele ya kila jino la cheni kuna kijino kifupi kinachoamua jino liume mbao kwa kina gani. Kwa cheni nyingi tofauti yake ni kama milimita 0.65. Wasee wanakipiga tupa kwa macho tu, "iume vizuri." Ikiuma kupita kiasi, ncha ya baa ikigusa mti, msumeno unaruka kuelekea usoni. Hapo namba si usomi. Namba ni uso wako.

Utaniambia: buda, mafundi walisikia injini kabla hujazaliwa. Kweli kabisa. Mjomba hurekebisha kabureta kwa sikio. Ikiwa hewani, mafuta yote yamefunguliwa, anataka igugumie kidogo. Ikiingia kwenye mti isafike. Nilimpima kwa siri. Msumeno wa kwanza, ambao kitabu chake kinasema usizidi 12,500, aliuweka 12,480. Wa pili ulikaribia hivyo hivyo. Nilitaka kupiga magoti. Miaka 30 ya kazi ilikuwa kwenye sikio lile, na hakuna cheti kinachoitambua.

Wa tatu aliuweka 13,860.

"Mjomba, huu si umepita?"

"Uko sawa, mpwa wangu."

"Unausikia ukigugumia?"

Alinyamaza. Akauzima, akafuta mikono. "Siku hizi sisikii vizuri upande wa kulia," akasema, kama mtu anayekiri deni.

Pawaso hupita desibeli 100. Kelele za 85 kutwa nzima zinatosha kuanza kula masikio. Mjomba hajawahi kuvaa kinga, na kila eksozi aliyotoboa ilimsogeza karibu na siku ile. Kelele tunayoilipia ndiyo inayofuta chombo pekee alichonacho cha kupimia. Siku sikio litakapozima kabisa, ujuzi wa miaka 30 utazima nalo, na chuo kitaendelea kusema jua kali hubahatisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulifikiri mali ni pesa.

Sasa kuna daftari kwenye msumari kibandani. Kila msumeno una ukurasa: mizunguko, sekunde za kukata, urefu wa kile kijino. Mjomba anasikiza kwanza, anataja namba, ndipo mimi nawasha simu. Tukitofautiana, tunaandika zote mbili. Nimemnunulia kinga za masikio, anazivaa akikumbuka.

Mteja akija akitaka kelele, tunamfungulia daftari. Wengine wanaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Waende tu.