Uso Si Sanaa

Wako wenzetu, na baadhi yao ni walimu, wasemao kwamba mwigizaji wa kike ni uso wake. Uso ukinyauka, na kazi imekwisha. Rai hii tunaipinga, kwa kuwa inaigeuza sanaa kuwa pambo na kumfanya mwanamke kitu cha kuangaliwa tu.

Tumtazame Simone Signoret wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1921. Baba yake alikuwa Myahudi. Wajerumani walipoivamia nchi, baba alikimbilia Uingereza, naye binti akajisitiri kwa jina la ukoo wa mama yake, akitafuta riziki kwa sehemu ndogondogo katika filamu. Mwaka 1952, katika filamu ya Casque d'or, uzuri wake ulionekana dhahiri. Wapinzani wetu watasema: hiyo ndiyo siri yake.

La hasha! Kama uso ndio uliokuwa mtaji, mtaji huo ulikuwa ukipungua kila mwaka. Mbona heshima ilizidi? Alipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, akiwa na miaka 39, kwa kumwigiza mwanamke aachwaye na kijana mwenye uchu wa mali na cheo. Mwaka huohuo alitia sahihi tamko la watu 121 kuhusu vita vya Ufaransa nchini Algeria, na serikali ikawafungia watia sahihi milango ya redio na televisheni za dola. Uso hautii sahihi. Akili na moyo ndivyo vitiavyo.

Kisha umri ukaingia. Mwili ulinenepa, mikunjo ikatokeza, wala hakuificha. Mwaka 1977 alimwigiza Madame Rosa, mwanamke mzee wa Kiyahudi aliyenusurika Auschwitz, mlezi wa watoto wa makahaba, miongoni mwao mvulana wa Kiarabu. Kwa kazi hiyo alitunukiwa César, tuzo kuu ya sinema ya Ufaransa, mwaka 1978. Alifariki mwaka 1985, sifa yake ikiwa haijachakaa.

Twakiri kwamba sinema huuza nyuso. Lakini liuzwalo sokoni silo lidumulo. Basi, enyi walimu, mnapogawa sehemu za mchezo wa kuigiza shuleni, msimpime msichana kwa kioo. Msikilizeni asemavyo, mwangalieni kama ajua kuingia katika maisha ya mtu mwingine. Taifa lichaguao wasanii wake kwa sura litapata sanamu, halitapata sanaa.