MAMBO YA JIKONI: Bata Mzinga wa Sikukuu

Mwezi huu twataka kunena juu ya bata mzinga, ndege ambaye Wamarekani humpika Alhamisi ya nne ya Novemba, yaani Siku ya Shukrani, kama ilivyowekwa kwa sheria mwaka wa 1941, na ambaye Waingereza humla siku ya Krismasi. Wako ndugu zetu waliohamia nchi hizo, nao hujikuta na ndege wa kilo 6, mgumu kama jiwe kwa barafu, na wageni wa njiani. Tena hata kwetu wako wamfugao na kumchinja sikukuu. Ni nyama ya fedha nyingi, nayo huharibika upesi mikononi mwa mpishi asiyeijua tabia yake.

Ingawa twamwita bata, si jamaa ya bata hata kidogo. Jamaa zake ni kuku na kanga. Wenyeji wa Meksiko ndio waliomfuga kwanza, na Waspania wakamleta Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Waingereza nao wakampa jina la Uturuki, asikotoka. Basi kila watu humwita watakavyo.

Shida ya ndege huyu ni moja, nayo ndiyo iliyozaa njia zote za kumpika. Kidari chake na mapaja yake havipatani motoni. Miguu yafanya kazi mchana kutwa, hivyo nyama yake ni nyeusi, yenye kano nyingi, nayo hailainiki vizuri mpaka joto lake ndani lifike kama digrii 80. Mabawa hutumika kwa kuruka ghafula tu, na nyama ya kidari ni nyeupe, haina mafuta, nayo yaanza kukauka mapema kabla ya hapo. Na wataalamu wa chakula wa Marekani wasema kwamba nyama yote, mahali penye unene, lazima ifike digrii 74, ndipo vijidudu vya maradhi vife. Ukiwahurumia mapaja, wala kidari kikavu kama pamba. Ukikihurumia kidari, wageni watatafuna paja bichi, na kesho yake wataugua tumbo.

Lakini kwanza barafu iyeyuke. Ndani ya friji yataka siku nzima kwa kila kilo 2, hivyo ndege wa kilo 6 ataka siku 3. Asiye na siku hizo amtie katika maji baridi, akiwa amefungwa vema asiingie maji, nusu saa kwa kila nusu kilo, maji yabadilishwe kila nusu saa, kisha apikwe pale pale. Asiachwe mezani usiku kucha. Wala asioshwe. Twajua kwamba neno hili litawaudhi kina mama wengi waliofundishwa kuosha kuku kwa ndimu, lakini maji yanayorukaruka huchukua vijidudu mpaka kwenye vyombo na kachumbari, na moto wa kutosha huwaua wote bila ndimu.

Njia ya desturi ni kumwoka mzima katika tanuri, joto lisipungue digrii 163, muda wa saa 3 hadi karibu 4 kwa ndege wa kilo 6. Waingereza hukifunika kidari kwa siagi, au kwa vipande vya nyama ya nguruwe yenye mafuta, ili kisikauke. Husaidia kidogo. Kumjaza tumbo mkate na vitunguu ni desturi pia, ila hatuisifu, kwa kuwa vilivyomo tumboni navyo sharti vifike digrii 74, na vikifika, kidari kimekwisha kufa mara ya pili. Afadhali vipikwe katika bakuli lake. Kilicho bora ni kumpaka chumvi siku moja au mbili mbele, kijiko kimoja cha mezani kwa kila kilo 2, akae katika friji bila kufunikwa; chumvi huingia, nyama hushika maji yake, na ngozi hukauka ikawa tayari kuiva vizuri. Soma kwanza karatasi yake. Wengine huuzwa wamekwisha tiwa maji ya chumvi.

Njia nyingine ni kuukata uti wa mgongo kwa mkasi wenye nguvu na kumlaza ndege ametandazwa. Hapo mapaja hupata moto kama kidari, na kwa joto la digrii 220 huiva kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Huko Louisiana humzamisha katika mafuta ya karanga yenye digrii 175, kama dakika 8 kwa kila kilo. Ni mtamu kweli. Lakini akiingia na barafu, maji hugeuka mvuke ghafula, mafuta hufurika juu ya moto, na nyumba huungua. Wakuu wa zimamoto huonya kila mwaka. Ndani ya nyumba au barazani, kamwe.

Sisi twawapenda zaidi Wameksiko, wenye ndege wao. Huko Puebla hukatwa vipande, akapikwa, akaliwa kwa mchuzi mzito uitwao mole, wa pilipili kavu, ufuta, lozi na chokoleti kidogo. Ugomvi wa kidari na paja umekwisha, kwa kuwa kila kipande chaweza kupewa saa yake. Mpishi asiye na tanuri aweza kufanya vivyo hivyo kwa sufuria na jiko la makaa: mapaja yatangulie kwa moto mdogo, saa moja na nusu au zaidi, kidari kifuate baadaye, tui zito la nazi liingie mwisho, na kifuniko kipaliwe makaa ili juu pageuke rangi. Tatizo la njia hii ni fahari tu, maana watu wapenda kumwona ndege mzima akiletwa mezani. Hatuoni kwa nini familia ile nyama kavu kwa ajili ya dakika moja ya kutazama.

Kwa njia yo yote, pima kwa kipimajoto katika unene wa paja na wa kidari, kisiguse mfupa. Aliyeokwa apumzike dakika 20 kabla ya kukatwa. Kilichobaki kiingie katika friji kabla ya saa 2 kupita, kiliwe kabla ya siku 4 kwisha. Mifupa isitupwe: itiwe majini pamoja na kitunguu na karoti, ichemke polepole kwa saa 3, na mchuzi wake utawafaa watoto kwa wali kesho yake.