Kisukari si cha vigogo peke yao

Msomaji, nani kakudanganya kwamba kisukari ni ugonjwa wa vigogo wenye vitambi? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikikuta kwa watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hapa Sumbawanga mlalahoi anakonda, kiu haiishi, usiku kucha yuko chooni. Zahanati ikikosa kipimo cha sukari, majirani wanasema karogwa. (Na jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi"!)

Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, wagonjwa wa kisukari waliwekwa kwenye orodha ya msamaha. Msamaha gani huo, ikiwa dawa zikiisha mkulima anaandikiwa cheti akanunue dukani? Waheshimiwa, debe la mahindi linanunua insulini ya siku ngapi?