Jiko Banifu: Je, Tulinunue?



Kwetu Unguja hatuwashi moto wa kuota. Moto wetu ni wa kupikia. Hata hivyo akina mama hutuuliza sisi wauguzi mara kwa mara: "Sista, majiko banifu ni ghali. Tununue, au tubaki na mafiga?"

Jibu letu ni hili: anayenunua makaa au kuni, na alinunue. Lakini asilinunue akidhani ni dawa ya kifua.

Tuanze na fedha. Jiko la makaa lenye udongo wa kufinyanga ndani, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, hutunza joto. Likitengenezwa vizuri huweza kupunguza makaa kwa theluthi moja. Tuchukue mfano: familia ya Mji Mkongwe ikitumia makaa ya shilingi 2,000 kwa siku, jiko la shilingi 20,000 hurudisha fedha yake kwa mwezi mmoja hivi. Kabla ya kulipa, hakikisha udongo hauna ufa.

Sasa afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Lakini utafiti wa Malawi, uliotangazwa mwaka 2016 na kuhusisha watoto zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa nyumba zilizopewa majiko bora ya kuni hazikupata nimonia pungufu. Kilichopungua ni watoto kuungua moto. Hilo si jambo dogo, ila linatufundisha kuwa kupunguza moshi kidogo hakutoshi.

Kwa hiyo familia za shamba zinazookota kuni na makumbi zitengeneze kwanza jiko lenyewe la nyumba. Toboeni dirisha, acheni upenyo chini ya paa, au wekeni dohani. Pikeni uani mvua isiponyesha. Tumieni kuni kavu, na mtoto asibebwe mgongoni penye moto.

Nanyi wa mjini, msidanganywe na makaa kwa kuwa hayana moshi mwingi. Hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kamwe msilale chumbani penye jiko linalowaka, hata kama ni makaa machache yaliyobaki.

Akina baba, mtusamehe. Fedha ya simu mpya hupatikana upesi, ya jiko huambiwa isubiri. Je, ingesubiri kama ninyi ndio mngepuliza moto kila siku? Kaeni na mama wa nyumba, hesabuni makaa ya mwezi mmoja, kisha amueni pamoja. Na mtoto anayepumua haraka au kubonyea mbavu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, jiko liwe la aina yoyote.